Nijibu, Usinijibu

Kuna kitenzi kimoja ambacho shule zetu zimekipasua katikati, na kila kipande kina adhabu yake. Kitenzi chenyewe ni kujibu. Mwalimu akuulize kipeuo cha pili cha 144 unyamaze, umekosa: "Nijibu!" Akuulize kwa nini umechelewa umweleze, umekosa tena: "Na bado unanijibu!" Aliyesomea Kenya anaijua tofauti hii kabla hajajua tofauti ya nomino na kivumishi. Hakuna aliyemfundisha. Aliisoma kwenye sura ya mwalimu.

Mimi niliisoma nikiwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunatembea kutoka Kiplombe asubuhi na mapema, barabara ya udongo, na mvua ya Uasin Gishu haijui kuomba ruhusa. Jumatatu moja nilifika langoni kengele ikiwa imeshalia. Mwalimu wa zamu naye ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye boda, matope mpaka kwenye pindo la suruali.

"Kwa nini umechelewa?"

"Mvua, mwalimu. Si hata wewe umefika saa hii."

Naapa sikuwa namtusi. Kwa akili yangu ya miaka 15 nilikuwa natoa ushahidi: mvua ni ya kweli, shahidi wangu ni wewe mwenyewe, tazama viatu vyako. Wenzangu nyuma yangu wakacheka, na kicheko chao ndicho kilichonimaliza. Nilipiga magoti kwenye kokoto hadi mapumziko. Saa sita nikapewa barua. Ilisema nimesimamishwa masomo wiki moja kwa "utovu wa nidhamu wa hali ya juu", na nirudi na mzazi.

Mama alikuwa muuzaji wa mboga. Siku aliyonirudisha shuleni hakuuza kitu. Aliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu kuanzia saa mbili hadi saa tano, leso yake nzuri mabegani, ile ya kwenda kanisani. Alipoitwa ndani, kosa likasomwa kutoka kwenye faili. Mama hakuuliza swali. Alisema, "Nisamehe, mwalimu. Huyu mtoto nimemlea vibaya." Nikaambiwa na mimi niombe msamaha, nikaomba, tukapewa karatasi ya kurudi darasani. Dakika kumi, pengine pungufu.

Tangu langoni hadi kwenye ile ofisi, hakuna mtu aliyeniuliza nilisema nini hasa, au nilikuwa na maana gani. Na sentensi ya mama haijawahi kunitoka kichwani. Alihukumiwa yeye.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nataka kuzungumzia hadithi fupi, na sijui kuizungumzia bila kisa hiki.

*

Kama ulifanya KCSE mwishoni mwa miaka ya 2010 au mwanzoni mwa miaka ya 2020, ulisoma Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Ndani yake mna hadithi ya Kayanda mwenyewe, "Mwalimu Mstaafu". Nakukumbushia tu. Mwalimu Mosi anastaafu. Anaandaliwa sherehe ya kuagwa. Wageni ni wengi, wa maana, na waliopangiwa kuzungumza ni wale waliofaulu, wale ambao mwalimu yeyote angependa waonekane kwamba walipita mikononi mwake. Mosi anakataa mambo yaishie hapo. Anashikilia kwamba Jairo naye apewe nafasi azungumze. Jairo ni mwanafunzi wake wa zamani aliyefeli. Anasimama, na badala ya shukrani, anamshtaki mwalimu wake mbele ya watu wote: ulinipa matumaini yasiyokuwepo, ulinipotezea wakati, na wema ulionifundisha haukunifikisha popote.

Darasani kwetu hadithi hii ilichukua vipindi viwili. Mwalimu wetu wa fasihi, ambaye kwa haki yake alikuwa mtu mpole sana, alituuliza, "Jairo ni mhusika wa aina gani?" Tukajibu kwa pamoja kama watu wanaoitikia wimbo: hana shukrani, hana adabu, mwenye lawama. Akaandika ubaoni. Tukanakili. Sifa nne za Jairo, kila moja na mfano wake, alama nane. Mimi mwenyewe, wa barua na kokoto, niliandika "hana adabu" na nikapigia mstari kwa rula.

Ndiyo maana nasema hadithi hii haijasomwa bado. Imetahiniwa tu. Mwongozo unakupa sifa za wahusika, na sifa ikishaandikwa mtu anakuwa amefungwa. Jairo "hana adabu" katika mwongozo kama mimi nilivyokuwa "mtovu wa nidhamu" kwenye faili. Faili na mwongozo ni ndugu: vyote viwili huhifadhi hukumu na kutupa maneno.

Tulitazame hilo neno utovu. Mtovu ni mtu aliyekosa kitu. Ukishamwita mwanafunzi mtovu wa nidhamu, umesema kuna shimo ndani yake, na kazi ya shule ni kulijaza: kwa magoti, kwa barua, kwa kufyeka nyasi nyuma ya maabara. Lakini msomee Jairo tena uniambie ni wapi alipopungukiwa. Mimi naona mtu aliyejaa hadi pomoni. Amebeba shtaka miaka na miaka, amelipanga, na anajua hasa nani alimfanyia nini. Huwezi kumjaza mtu wa hivyo. Unaweza kumsikiliza, au unaweza kumnyamazisha.

Na shtaka lake lina uzito. Ni shtaka juu ya kazi yenyewe ya ualimu. Kila mwalimu Kenya hii ameshawaambia watoto, "Ukijitahidi utafaulu." Sasa tazama matokeo. Katika KCSE ya 2024, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa kama robo tu ya watahiniwa wote. Robo! Wale robo tatu wengine waliambiwa maneno yaleyale, kwenye paredi ileile, na mwalimu yuleyule. Siku ya kutoa zawadi shule huwaalika wa ile robo, waje na magari yao waegeshe mbele ya bendera. Jairo ndiye robo tatu. Kayanda alijua anachofanya alipompa kipaza sauti, na sisi tukamlipa kwa kuandika "hana shukrani".

*

Lakini nisiwe kama wale wahakiki wanaosifu mpaka mwandishi mwenyewe anaona haya. Hadithi hii ina mahali ambapo inanisumbua, nako ni kwenye kalenda yake.

Jairo anasema yake siku ambayo Mosi anaacha kazi. Hakuna faili tena la kufunguliwa. Hakuna naibu, hakuna bodi, hakuna darasa la watoto 60 wanaosubiri kuona mwalimu atafanya nini. Mosi ameweka chaki chini, na moyo mkubwa anaouonyesha ni moyo wa mtu ambaye hana cha kupoteza kesho asubuhi. Simnyimi sifa yake, maana wapo wanaostaafu wakiwa bado wanataka kusifiwa tu. Ila mtihani wa mwalimu uko kwingine. Uko Jumatatu saa mbili kasoro, mvua inanyesha, umechelewa, umechoka, na mtoto amekwambia ukweli mbele ya watoto wengine wakacheka. Mosi wa siku hiyo alikuwaje? Hadithi ingetuonyesha Jairo akimwambia hayo akiwa bado na sare ya shule, tungekuwa na hadithi ngumu zaidi, na pengine isingeruhusiwa kuingia darasani.

Mkusanyiko huohuo unatupa upande wa pili wa sarafu. Katika "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, Daktari Mabonga anafundisha chuo kikuu, na mwanafunzi anayethubutu kuuliza swali anaambulia kejeli mbele ya wenzake. Hadithi inapita hapo haraka, ina mapenzi ya Dennis na Penina ya kushughulikia. Nasi tulipita haraka. Lakini linganisha. Mwanafunzi akimkejeli mwalimu, kuna jina, kuna barua, kuna wiki moja nyumbani. Mwalimu akimkejeli mwanafunzi, kuna nini? Hakuna hata neno lake. Tunasema "huyo mwalimu ni mkali", na mara nyingi tunasema kwa kumsifu. Sijawahi kusikia mwalimu akiambiwa arudi na mzazi.

Wazee wa Kiswahili walisema heshima si utumwa. Nimeliona kwenye kuta za shule, kwa rangi ya buluu, likielekezwa kwa watoto. Ukilisoma polepole unaona linaweza kuelekezwa kwa mtu yeyote, hata aliyeshika chaki.

*

Najua mtu tayari anauliza: kwani unataka watoto watukane walimu? Hapana. Na hili si jambo la mzaha. Januari 2021, shule zilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, mwanafunzi huko Kisii aliwadunga walimu wawili kwa kisu. Wiki hizo mabweni yalikuwa yanachomwa pia, na aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu George Magoha, akasema hadharani kwamba angependa kiboko kirudi. Watu wengi walimpigia makofi. Kwenye matatu ya Eldoret nilisikia mtu mzima akisema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye," na gari zima likaitikia.

Sasa, kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001. Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kimwili na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Haya yanajulikana hata na watoto wa darasa la sita, na ndiyo maana kiboko sikuhizi kinaitwa majina mengine.

Kisichojulikana sana ni kile ambacho kanuni za zamani zenyewe zilikuwa zinasema, zile zilizoruhusu kiboko kabla ya 2001. Orodha ya makosa ilikuwa na uasi uliopita kiasi, ndiyo. Lakini mtoto hakupaswa kuchapwa kabla ya uchunguzi kamili kufanywa. Viboko visizidi sita. Asichapwe mbele ya wanafunzi wenzake. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Soma hiyo ya kwanza tena: uchunguzi kwanza. Hata sheria iliyoamini fimbo iliamini kwamba mtoto ana la kusema, na lazima lisikilizwe kabla fimbo haijainuliwa. Sisi tuliosoma baada ya fimbo kukatazwa tumekuta shule iliyoacha fimbo kwa shingo upande, na ule uchunguzi haipo mahali unapofanyika. Mtu anayelilia zamani za nidhamu ajue analilia zamani ambazo kwenye karatasi zilikuwa na subira kuliko naibu wetu.

Simlaumu naibu peke yake. Mwalimu wa Kenya naye ana wakubwa wake, na wao hawamheshimu. Chukua walimu wanagenzi wa sekondari msingi, waliokuwa wanalipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mei 2024 waliingia barabarani kudai ajira ya kudumu, na watoto wao wa darasani wakawaona kwenye simu wakikimbizwa. Mtoto ana macho. Anajua mwalimu wake ana shahada na hana nauli. Baadaye mwalimu huyohuyo akisimama mbele ya darasa na kudai heshima yote kwa mkupuo, ni kama mtu anayemdai mtoto deni analodaiwa na serikali.

*

Haya niliyasema kwa ujasiri mwingi mpaka nilipopewa chaki.

Nilifundisha muhula mmoja kwa mazoezi ya ualimu, Kiswahili, kidato cha tatu, shule nyingine ambayo pia sitaitaja. Nilikuwa na miaka 22, na wavulana wa nyuma walikuwa wananizidi kimo. Nilikuwa nimeapa kwamba kwangu hakuna mtu atakayepiga magoti. Wiki ya nne niliingia darasani nikakuta kijana mmoja amesimama mbele, kitabu mkononi, ananiiga. Alikuwa ameishika sauti yangu kabisa. Ile namna yangu ya kushusha pumzi mwisho wa aya, mkono ukipanda kama ninayepima kina cha maji. Darasa lilikuwa limeanguka kwa kicheko.

Nitakwambia kilichotokea mwilini mwangu, kwa sababu walimu huwa hawasemi. Masikio yaliwaka moto. Mkono ulikuwa mzito. Kichwani hamkuwa na Jairo wala Mosi wala Katiba, mlikuwa na sentensi moja tu: hawa wananiona mtoto. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kwani unanidharau?" Akasema, "Hapana, madam, nilikuwa tu..." Nikamkata: "Na bado unanijibu!"

Kwa sauti ileile. Neno kwa neno.

Nilimtoa nje. Mwalimu wa darasa alimkuta kwenye korido, mengine yakaenda kama yanavyoendaga. Akaandikiwa barua. Nilitia sahihi mahali palipoandikwa "mwalimu aliyekosewa". Mzazi wake sikumwona, nilikuwa na kipindi kingine alipokuja. Nilifarijika, kusema kweli, kwa kutomwona.

Kwa hiyo siandiki kama mtu msafi. Naandika kama mtu anayejua jinsi mashine hii inavyokuendesha hata kama ulishawahi kusagwa nayo. Mwalimu haihitaji kuwa na roho mbaya. Barua ipo tayari, imechapwa, imebaki nafasi ya jina tu. Kusikiliza hakuna fomu yake. Mtaala mpya wa umilisi umeweka heshima kati ya maadili yake manane, karibu na upendo na haki ya kijamii, na watoto wanayakariri vizuri. Lakini mwalimu aliyeaibishwa saa nne asubuhi ana kipindi saa nne na dakika arobaini. Hana mahali pa kwenda kutulia, hana mtu wa kumwambia "imeniuma", na akiomba msamaha kwa mtoto wenzake wa ofisini watamcheka. Shule imempangia njia moja tu ya kuponya aibu yake, nayo ni kumwaibisha mwingine.

*

Aprili 2025 mashine hii tuliiona ikiwa na magurudumu makubwa. Wasichana wa Butere walikuwa na mchezo wa kuigiza, Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Uliwahusu vijana na watawala wao. Ukaondolewa kwenye tamasha la kitaifa. Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe kushiriki. Nakuru, mwandishi akakamatwa kabla ya siku ya kuigiza, na polisi wakarusha vitoa machozi kutawanya watu waliotaka kuutazama. Haikuwa mara ya kwanza kwa shule hiyo: mwaka 2013 Shackles of Doom, mchezo mwingine wa Malala, ulipigwa marufuku hadi mahakama ilipoingilia.

Wengi waliuandika mkasa huu kama habari ya siasa, na ni kweli ni siasa. Mimi niliuona kama kesi ya nidhamu shuleni. Serikali nzima ilikuwa imesimama langoni kama mwalimu wa zamu, ikiwauliza wasichana wa sekondari: mnataka kusema nini? Nijibuni. Na jibu lenyewe likiwa kwenye jukwaa: na bado mnatujibu!

Walichofanya wale wasichana ndicho ninachokirudia akilini. Waliingia mahali pa kuigizia, mwalimu wao wa mchezo hayupo, hadhira imefukuzwa. Wakaimba wimbo wa taifa. Wakaondoka bila kuigiza. Sijui ni kanuni gani ya shule inayoweza kumwadhibu mtoto aliyeimba wimbo wa taifa akatoka kwa mstari. Walijibu bila kujibu. Hicho kitenzi kilichopasuliwa, walikishona wao kwa dakika chache, na hakuna mwongozo uliowafundisha.

Na sisi Eldoret tuna mfano wetu, mpole zaidi. Januari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo, Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo akiwa na miaka 84. Kaptura, soksi ndefu, kila kitu. Mwaka uliofuata alihutubia viongozi huko New York, na mwaka 2010 kukatolewa filamu juu yake, The First Grader, ya Justin Chadwick, Oliver Litondo akiwa Maruge. Watu huitazama kama filamu ya bidii. Kwangu ina jambo lingine: inavuruga hesabu yetu yote ya heshima. Kwa desturi za huku, umri ndio cheo; sasa mwanafunzi ni babu na mwalimu ni binti. Nani amwamkie nani? Nani anaruhusiwa kumwambia nani "usinijibu"? Pale darasani heshima ilibidi iende na irudi, kwa sababu haikuwa na mteremko wa kuteremkia. Nikiitazama najiuliza kwa nini ilibidi mtu afikishe miaka 84 ndipo mwalimu alazimike kufikiri kabla ya kumkaripia.

*

Mwezi uliopita nilipanda boda kutoka mjini kurudi Kiplombe. Stejini kijana mmoja akaniita, "Madam!" Sikumtambua mpaka alipovua kofia. Ni yule wa kuniiga. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya robo tatu, na pikipiki ni ya mjomba wake.

Njiani nilikuwa nimekaa nyuma yake, upepo baridi, na hadithi ya Kayanda ikanikaa kifuani kama kitu nilichomeza bila kutafuna. Mosi alisema: mpeni Jairo nafasi. Nikamwambia karibu na sikio, "Siku ile nilikukatiza. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Alinyamaza mpaka nikadhani hakusikia. Tukapita mahindi, tukapita genge la wajenzi wa barabara.

"Sikuwa nakuchokoza, madam. Kuna wasee walikuwa hawajafika kipindi cha jana yake. Walitaka kujua ile hadithi ilikuwa inasema aje. Nilikuwa nawasomea vile wewe husoma." Akapunguza mwendo kwenye matuta. "Ikisomwa hivyo ndiyo inaingia."

Nikamwambia pole. Akasema, "Ziii, hiyo ilienda," kisha baada ya kidogo, "Lakini babangu alikosa kazi siku hiyo."

Tulifika. Nilimpa pesa yake. Hakunipunguzia hata shilingi, na sikumwomba.